Bili ya ulinzi anapokuja kiongozi wa dini, nani alipe?

Niliwahi kuwekwa kwenye kamati ya mapokezi. Si unazijua zile kamati, umeenda ibadani zako kama kawaida, ghafla jina lako linasomwa mbele ya watu na makofi yanapigwa, kukataa huwezi tena. Alikuwa anakuja kiongozi wetu mkubwa wa dini, mtu ambaye wengi wetu tulizoea kumwona kwenye picha tu, na tukapewa miezi mitatu ya kujiandaa. Kikao cha kwanza cha bajeti mweka hazina wetu, dada mmoja makini sana, akawa anasoma mstari kwa mstari, mahema, viti, jukwaa, vipaza sauti, jenereta la akiba, maji ya kunywa, vyoo vya kukodi, kila mstari na namba yake. Akafika kwenye "ulinzi", akanyamaza kidogo, akasema hapa nimeweka dashi kwa sababu hiyo ni ya serikali, tuendelee. Na kweli tukaendelea. Hakuna aliyeuliza, hata mimi sikuuliza, tukaenda kubishana karibu saa nzima kuhusu rangi ya vitambaa vya jukwaani.

Wiki kama mbili baadaye akaja afande. Mtu mstaarabu, daftari dogo mkononi, mwanzoni akakataa hata kukaa. Akauliza uwanja una milango mingapi, mgeni anaingilia wapi na mambo yakiharibika anatolewa wapi, hospitali ya karibu iko dakika ngapi, nani ana orodha ya wanakwaya kwa majina. Hatukuwa na jibu hata moja. Halafu akafungua ukurasa mwingine akasoma mahitaji: vizuizi vya chuma vya kuzunguka uwanja mara mbili, mashine za kukagua watu mlangoni, redio za mawasiliano, taa za ziada, chakula cha askari watakaokesha pale, mafuta ya magari. Akamaliza, akafunga daftari, akauliza swali moja tu, "Sasa haya nani anayatoa?" Nakuambia chumba kilinyamaza mpaka feni ikasikika. Mwenyekiti akamwangalia mweka hazina, mweka hazina akaiangalia dashi yake.

Tangu siku ile hii mada ikipita mbele yangu siwezi kuiacha. Kila anapokwenda mahali kiongozi mkubwa wa dini vita mitandaoni ni vile vile, hawa wanasema kodi yangu isimlinde mtu wa dini yenu, wale wanajibu nyie mna chuki na Mungu, na ukisikiliza vizuri wote wanasema "ulinzi" utadhani ni kitu kimoja chenye bei moja. Sio kimoja. Mle ndani ya lile daftari la afande mlikuwa na vitu vya aina tofauti kabisa vimechanganywa pamoja, na mi naona ugomvi wote unatoka hapo hapo.

Anza na mwili wa mgeni mwenyewe. Kuna watu wanafanya mzaha, eti si ana Mungu wake amlinde. Haya. Tarehe 13 Mei 1981 Papa Yohane Paulo II alipigwa risasi akiwa katikati ya waumini wake kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro, mchana kweupe, na Mehmet Ali Ağca, akaponea chupuchupu. Mwaka uliofuata akaenda Fatima, Ureno, kushukuru kwa kupona, na huko huko tarehe 12 Mei padri mmoja akamvamia na singe. Na nyuma yake, Novemba 1970, Papa Paulo VI ndo kwanza anashuka uwanja wa ndege wa Manila akashambuliwa na mtu mwenye kisu aliyevaa mavazi ya kipadri. Mavazi ya kipadri! Baada ya kusoma hiyo ndo nikaelewa afande alikuwa anataka nini na orodha ya wanakwaya kwa majina, mimi nilidhani anatusumbua tu. Anayetaka kumdhuru mtu wa dini haji na bango, anakuja na joho.

Kwa hiyo uhai wa mgeni hauna mjadala, huo ni wa serikali, na simaanishi kwa sababu ni mtu mtakatifu. Mwizi akikimbizwa na kundi la watu wenye mawe polisi wakifika wanamwokoa kwanza, hawamuulizi risiti ya kodi. Mtu yeyote aliyeko ndani ya mipaka ya nchi kwa ruhusa ya nchi hiyo, ikijulikana kuna watu wanaweza kumuua, kazi ya kuzuia asiuawe ni ya dola. Ndo maana tuna dola. Ukianza kutoza watu bili ya kutouawa umeshafika kwenye biashara nyingine kabisa, ile ya vijana wanaokuambia lipa tukulindie duka lako lisije likaungua.

Wapo wanaotaka kukata mjadala wote kwa neno moja, "yule ni mkuu wa nchi". Kwa Papa ni kweli, Vatikani ni dola tangu Mkataba wa Laterano wa 1929, ana walinzi wake wa Uswisi tangu 1506 na askari wa Vatikani wanaosafiri naye, na anapotua mwenyeji anamlinda kama anavyomlinda rais mgeni. Sawa. Lakini hiyo inamsaidia Papa peke yake, wengine je? Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet, hana nchi, yuko India tangu 1959, na madaraka ya kisiasa aliyaachia mwenyewe mwaka 2011, na bado serikali ya India inamlinda kwa askari wake, tena mwaka 2025 ulinzi wake ukapandishwa ngazi. Hakuna aliyesema huyu sio mkuu wa nchi ajilipie. Kwa sababu anayemlinda anajua kitakachotokea akidhurika, ghasia zake hazitauliza ana cheo gani. Kinachopima ulinzi ni ukubwa wa hatari, pasipoti ya mgeni haina uzito hapo, na hilo hoja ya mkuu wa nchi hailigusi kabisa.

Tena hoja hiyo ya cheo inaweza kuleta utata badala ya kuuondoa. Angalia Uingereza. Yohane Paulo II alipokwenda 1982 ilikuwa ziara ya kichungaji, kanisa ndo lililokuwa mwenyeji na likabeba mzigo mkubwa wa gharama. Benedikto XVI alipokwenda Septemba 2010 ikawa ziara ya kiserikali, alipokelewa na Malkia kule Edinburgh, na serikali ikawa na fungu lake, kanisa fungu lake, gharama ya polisi ikawekwa pembeni kama kitu cha tatu. Kelele zikawa kubwa, London watu kwa maelfu waliandamana. Halafu Februari 2011, mgeni ameshaondoka zamani, ikajulikana kwamba pauni milioni 1.85 za ziara ile zilitoka kwenye wizara inayoshughulikia misaada kwa nchi maskini. Mimi hapo nilicheka kwa uchungu kidogo. Sio kwamba hela ni nyingi sana kwa nchi kama ile, ila ni ile tabia, kwenye bajeti unaweka dashi halafu baadaye mtu anatafuta mfuko wowote wenye kitu anachomoa. Dashi ya mweka hazina wetu na dashi ya serikali ile ni ndugu.

Na ziara ile ile ya 2010 ina kisa kingine ambacho watu wakihesabu gharama za ulinzi hawakihesabu. Alfajiri ya tarehe 17 Septemba polisi waliwakamata wafagia barabara wa London, watano kwanza halafu wa sita baadaye, kwa madai ya kupanga kumdhuru Papa. Ilikuwa habari kubwa dunia nzima. Wote sita wakaachiwa bila kushtakiwa. Sasa hiyo gharama unaiandika mstari gani? Mtu ameamka kwenda kufagia, amelala mahabusu kama gaidi. Sisemi polisi wasifuatilie, wakipuuza na ikatokea kitu tutawasulubu sisi wenyewe, nasema tu tunapoongelea "nani alipe" kuna watu walishalipa na hawakuulizwa.

Turudi kwenye daftari la afande. Vile vizuizi vya kuzunguka uwanja, mashine za mlangoni, taa za ziada, hivyo havikuwepo kwa sababu mgeni yupo nchini. Vilikuwepo kwa sababu sisi tulichagua kufanya kwenye uwanja mkubwa wa wazi, tukachagua kualika watu wengi kadiri inavyowezekana, tukachagua saa za jioni kwa sababu picha za jua linapozama zinatoka nzuri (ndiyo, hiyo hoja ilitolewa kikaoni na ikapigiwa kura). Tungefanya ndani ya ukumbi asubuhi nusu ya ule ukurasa isingekuwepo. Hapo sasa mi nageuka, nahamia upande wa wale wanaolalamika kodi yao, kwa sababu hicho ni chaguo letu na chaguo lina mwenyewe.

Waliokwisha kugombana sana juu ya hili ni watu wa mpira, na ajabu ni kwamba watu wa dini hawaendi kujifunza kwao. Uingereza sheria ya polisi ya 1996 inaruhusu polisi kudai malipo kwa huduma maalumu anayoomba mtu, na klabu za mpira zinalipa askari wanaokuwa ndani ya uwanja siku ya mechi. Barabarani je? Leeds United walikuwa wanatozwa mpaka askari wa mitaa ya nje, wakaenda mahakamani, wakashinda, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikakazia kwamba kulinda amani mtaani ambako klabu haina umiliki wala mamlaka ni kazi ya kawaida ya polisi. Baadaye, 2017, Ipswich Town nao wakashinda kuhusu mtaa ulio pembeni kabisa ya uwanja wao ambao ulikuwa unafungwa siku za mechi. Kwa hiyo mstari wanaouchora ni ukuta wa uwanja. Ndani yako, nje ya wote.

Mi nauona huo mstari unafaa sana kwa shughuli za dini. Sio kamili, najua. Mechi ni biashara, tiketi zinauzwa, ibadani tunaingia bure na kikapu kinapita ukitaka unatoa. Kuna mzee mmoja kwenye kamati yetu aliposikia nikisema mambo ya mpira alinikata, "kijana, unatufananisha na wacheza kamari?" Sikumjibu kwa heshima yake, ila nilitaka kumwambia mzee wangu, kizuizi cha chuma hakijui kama anayekiegemea anaimba wimbo wa timu au wa dini, kodi yake ya siku ni ile ile.

Lakini kuna mtego mkubwa hapa na naomba msomaji usiupite haraka haraka. Ukisema mwenye shughuli alipe ulinzi, swali linalofuata ni alipe kiasi gani, na ukisema alipe kulingana na hatari iliyopo, umeua dini ndogo zote. Fikiria. Kiongozi anayependwa na kila mtu anahitaji askari wachache wa kupanga foleni. Kiongozi wa kikundi kidogo kinachochukiwa, ambacho watu wamekula kiapo hakitakusanyika hapa, anahitaji askari kila kona. Kwa hiyo anayechukiwa zaidi ndo anapata bili kubwa zaidi, na wale wanaomchukia wakijua hilo hawana haja hata ya kumgusa, wanatoa vitisho tu simuni, bili inapanda mpaka shughuli inafutwa yenyewe. Umempa mwenye fujo ufunguo wa msikiti wa mwenzake, au kanisa, au hekalu.

Hii haiko kichwani mwangu tu. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Marekani ilikutana nayo kwenye kesi ya kaunti ya Forsyth, Georgia, ambako msimamizi alikuwa na uwezo wa kupanga ada ya kibali cha mkusanyiko mpaka dola 1,000 kwa siku akizingatia gharama za kulinda utulivu. Mahakama ikalitupa lile sharti. Hoja yao kwa kifupi ni kwamba huwezi kumtoza anayesema kwa sababu ya hasira za wanaosikiliza. Na waliokuwa wanatetewa pale walikuwa kikundi cha siasa za ubaguzi, watu ambao mimi na wewe tusingekaa nao meza moja, ndo maana ile kesi naiheshimu, kanuni inapimwa kwa mtu usiyempenda.

Kwa hiyo jibu langu lina kona. Vitu vinavyotokana na uchaguzi wako wa ukumbi, idadi, saa, jukwaa, lipa, na ziwe bei za kueleweka ambazo yeyote anayekodi uwanja ule kwa watu idadi ile angelipa, awe mwanamuziki, awe mhubiri, ziwe harusi tano kwa pamoja. Vitu vinavyotokana na chuki ya mtu mwingine dhidi yako, usilipe hata senti. Bili ya chuki apelekewe mwenye chuki akikamatwa.

Sasa kuna sehemu moja ambayo hata mimi inanichanganya, na ni pale mgeni mwenyewe anapoongeza hatari kwa hiari yake. Papa Fransisko alikuwa hapendi kabisa lile gari la vioo visivyopitisha risasi, aliwahi kulifananisha na kopo la dagaa, na akasema kwa umri wake hana kikubwa cha kupoteza. Kama muumini unaguswa, kama askari sijui. Julai 2013 alipofika Rio de Janeiro alikuwa kwenye kigari kidogo tu, kioo kimeshushwa, dereva akaingia upande usio sahihi wa barabara wakakwama kwenye foleni ya mabasi, na watu wakalizingira gari wanaingiza mikono dirishani, mmoja anamsogezea mtoto ambariki. Ilikuwa picha nzuri sana. Walinzi wake kwenye ile video nyuso zao utadhani wanazika mtu. Kila kioo anachokishusha mgeni lazima kizibwe na miili ya binadamu, askari wengi zaidi, masaa mengi zaidi, na hao wanalipwa na mwenyeji. Je, mgeni akikataa ushauri wa usalama gharama ya ziada iende kwake? Moyo wangu unasema hapana, maana kiongozi wa dini asiyeguswa na watu anakuja kufanya nini. Mfuko unasema angalau aambiwe.

Ila wengine hawashushi kioo, wanajenga. Timor-Leste, nchi ya watu kama milioni 1.3, ilitenga dola milioni 12 kwa ziara ya Fransisko Septemba 2024, na milioni moja humo ilikuwa ni ya madhabahu. Watu kama laki sita walikuja kwenye misa pale Tasitolu, karibu nusu ya nchi, na wengi wa watu wale wangekuambia kila senti ilistahili, nani niwakatalie. Lakini pale pale Tasitolu kabla ya ziara kuna familia zilibomolewa nyumba ili eneo liwe safi. Ukiangalia mjadala wa ile ziara wote umechanganywa, ulinzi, madhabahu, usafi, heshima ya taifa, vyote vimevaa koti moja la "maandalizi", na mtu akilalamikia madhabahu anaambiwa unataka Baba Mtakatifu asilindwe? Huo ujanja uko kila mahali. Hata kwetu vitambaa vya jukwaani vilitaka kuingizwa kwenye fungu la usalama, eti vinaficha waya.

Halafu kuna hoja ya wafanyabiashara, kwamba wageni watakuja, hoteli zitajaa, fedha itarudi, kwa hiyo serikali ilipe bila kununa. Hii mi huwa siiamini sana. Waulize wenye maduka na migahawa ya Philadelphia, Septemba 2015, walijaza bidhaa wakisubiri umati wa Papa, polisi wakafunga barabara, wakafunga daraja kubwa la mto, wakaweka uzio na vituo vya ukaguzi, wakazi wengi wakaogopa wakaondoka mjini, na wengi wa wale wenye migahawa wakabaki na meza tupu katikati ya tukio kubwa kuliko yote waliyowahi kuliona. Ulinzi wenyewe ndo uliokula biashara. Kenya mwaka huo huo ilitangaza tarehe 26 Novemba siku ya mapumziko kwa ajili ya ziara ya Papa, vizuri kwa mwenye mshahara wa mwezi, ila anayekula anachouza siku hiyo hiyo mapumziko yake anayalipia mwenyewe. Hakuna kamati duniani niliyosikia ina mstari wa mtu wa kigenge aliyefungiwa barabara siku mbili.

Na wakati mwingine kinacholipwa hata sio hela. Sydney, Julai 2008, wakati wa Siku ya Vijana Duniani, ule mkusanyiko mkubwa wa vijana Wakatoliki, serikali ya jimbo ilipitisha sharti kwamba polisi wanaweza kumzuia mtu anayewaudhi washiriki. Kuwaudhi tu! Fulana yenye maneno fulani inaweza kuudhi, mimi nikiimba bafuni naudhi. Wanaharakati wawili wakaenda mahakamani, na tarehe 15 Julai, shughuli ndo inaanza, mahakama ikakifuta kile kipengele. Nakumbusha hiyo kwa sababu sisi waumini tukishapewa askari wa bure tunanogewa, tunaanza kutaka walinde na hisia zetu. Askari wa serikali aliyelipwa na kodi ya asiyeamini kazi yake ni kuzuia ngumi, akianza kuzuia bango la mtu aliyesimama kimya ng'ambo ya barabara hapo ameshakuwa mlinzi wa kukodi wa dini moja, na kwa mlinzi wa kukodi tulipe wenyewe.

Mtu ataniuliza, na maskini je? Kuna mahali hakuna wa kulipa kabisa. Kweli. Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, Novemba 2015, nchi iko kwenye mapigano, Fransisko akasema anakwenda, na akaenda, na miongoni mwa waliosimama njiani kumlinda walikuwepo askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, akapita PK5, mtaa wa Waislamu, kwa gari la wazi mpaka msikiti wa kati, wakati Wakristo na Waislamu wa pale walikuwa hawasogeleani. Ukinipa ile bili nigawe sijui nianzie wapi, na kusema kweli nisingetaka kuigawa. Kuna ziara ambayo ni ya dunia nzima. Ila ziara nyingi, pamoja na ile yetu, sio Bangui, ni watu wenye uwezo wa kununua vitambaa wanaotafuta mtu mwingine alipe vizuizi.

Turudi kile chumba chenye feni, maana nilikuacha pale. Baada ya ule ukimya mwenyekiti akajaribu ile njia ya kawaida, afande sisi ni watu wa dini hatuna kitu, tutawaombea. Afande akasema amina, akaongeza kwamba maombi anayapokea ila redio zinatumia betri. Basi ikabidi tukae chini, na ni dada mweka hazina aliyetuokoa, akachukua lile daftari akachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto akaandika askari, msafara, barabara, uchunguzi, mambo ambayo hata tungekuwa na hela hatuna mamlaka nayo. Kulia akaandika vizuizi, taa, mashine za mlangoni, vijana wetu wa kupanga watu na vizibao vyao vya kung'aa, maji na chakula cha wanaokesha ndani ya uwanja wetu. Chakula kilizua ubishi, afande alisema posho ya askari ni juu ya kazi yake, dada akasema mtu anayekesha kwangu halali njaa, hiyo sio bajeti hiyo ni adabu. Kikapita. Vitambaa vikakatwa nusu, mzee wa kamari akanuna wiki nzima.

Tukasaini karatasi moja, pande zote mbili, wiki sita kabla ya mgeni. Sikumbuki hotuba ya siku ile vizuri kwa sababu nilikuwa mlango wa tatu na kizibao changu nabishana na mama mmoja aliyekuja na mkoba wenye kufuli ambalo ufunguo wake ameusahau nyumbani, ila nakumbuka kwamba hakuna aliyempigia mtu simu usiku akiuliza hela ya mafuta.

Vizuizi vilikuwa vya kukodi, tukarudisha vikiwa pungufu viwili, na mwenye navyo akatupigia simu mwezi mzima mpaka tukamlipa kutoka fungu letu, la kulia. Kimoja hatujakiona mpaka leo. Kingine nilikuja kukikuta mwenyewe nyuma ya jengo letu la ibada, kimeegemezwa ukutani, juu yake wameanika majoho ya kwaya.